Damu yako, maumivu yako: historia ya dawa iliyojificha mwilini

SEHEMU YA 1: Video ya kichupa



Juzi mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alinitumia video. Ndani yake kuna mtu amevaa koti jeupe, ameshika kichupa cha unga. Anasema ule unga una "peptidi za damu", dawa ya asili ya maumivu, na ukianza kuunywa mwezi wa nane utajifungua bila kusikia uchungu. Bei yake ukiisikia utakaa chini. Mama akaniuliza: "Sista, ni kweli damu ina dawa ya maumivu, au huyu anataka kula hela yangu?"

Nikamjibu kwamba yote mawili ni kweli. Damu ina vipande vidogo vya protini vinavyoweza kutuliza maumivu, na wanasayansi wamevijua tangu 1986. Na yule jamaa anataka kula hela yako.

Akacheka, ila hakuridhika. Na mimi nikaona jibu la mistari miwili halitoshi, kwa sababu nyuma yake kuna historia ndefu na tamu kweli, yenye vichwa vya nguruwe, ngamia, maziwa na watoto wachanga. Kwa hiyo nitaiandika kwa sehemu sita, nyingine nikitoka zamu, nyingine mtoto akilala. Mnivumilie.

Kwa nini nimeamua kuiandika? Kwa sababu neno "asili" linatumika kwa namna mbili dhidi ya kina mama. Namna ya kwanza ni ya huyu muuza unga. Namna ya pili iko wodini na nyumbani: "Mwili wako una dawa yake, jikaze." Mimi mwenyewe nimeshawahi kusema hivyo kwa mama aliyekuwa kitandani analia. Nitalieleza hilo kwenye sehemu ya mwisho. Kwanza tujue hiyo dawa ya mwili ni nini, na ilipatikanaje.


SEHEMU YA 2: Kasumba

Leo ukimwambia mtu ana kasumba, unamaanisha fikra zilizoganda kichwani. Lakini wazee wa pwani wanajua kwamba kasumba ni afyuni, ule utomvu wa mmea wa mpopi. Mtu aliyeizoea alikuwa halali, haamki, haendi popote bila hiyo. Maana ya leo imetoka hapo.

Afyuni imetumika kutuliza maumivu kwa maelfu ya miaka. Tatizo lilikuwa kipimo. Utomvu wa shamba moja ulikuwa mkali, wa shamba jingine hafifu, kwa hiyo dozi ileile ilimtuliza huyu na kumuua yule. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, kijana mmoja mfamasia wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, alifanikiwa kutoa kwenye afyuni ile chembechembe yenyewe inayofanya kazi. Akaipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Ndiyo mofini, dawa ambayo mpaka leo tunaifungia kabatini kwa kufuli na kuiandika kwenye daftari lake.

Kwa zaidi ya miaka 150 madaktari waliitumia bila kujua inafanyaje kazi. Kilichowasumbua ni hiki: mofini kidogo sana inatosha kubadilisha hali ya mtu mzima. Kitu kidogo hivyo kikifanya kazi kubwa hivyo, ina maana kuna mahali maalumu mwilini kinapoingia, kama ufunguo kwenye kitasa. Pahala hapo panaitwa kipokezi.

Mwaka 1973 vitasa vikaonekana. Huko Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aitwaye Candace Pert, ambaye tayari alikuwa mama, alifanya kazi na mwalimu wake Solomon Snyder. Walichukua naloksoni, dawa inayozuia mofini, wakaiwekea alama ya mionzi ili waifuatilie inakwenda kung'ang'ania wapi. Ikang'ang'ania kwenye tishu za ubongo. Mwaka huohuo Eric Simon wa New York na Lars Terenius wa Uppsala, Sweden, kila mmoja kwa njia yake, nao wakafika palepale.

Sasa hebu fikiria pamoja nami. Ubongo wa binadamu una kitasa kinachofunguliwa na utomvu wa ua. Wewe umewahi kuona mtu anajenga nyumba, anaweka kitasa mlangoni, halafu ufunguo pekee uko shambani kwa jirani? Haiwezekani. Wanasayansi wakaanza kusema: lazima mwili una ufunguo wake wenyewe. Mbio za kuutafuta zikaanza.


SEHEMU YA 3: Vichwa vya nguruwe na ngamia wa Iraq

Aberdeen ni mji wa baridi kaskazini mwa Scotland. Hapo aliishi Hans Kosterlitz, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1903, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1934. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amefika umri ambao wenzake wanastaafu. Yeye akaanza kazi mpya na kijana mmoja aitwaye John Hughes.

Walihitaji ubongo, na mwingi. Inasimuliwa kwamba Hughes alikuwa anatoka alfajiri na baiskeli kuukuu kwenda machinjioni, akiwa na kisu, msumeno, barafu kavu, na chupa ya wiski ya kuwalainisha wachinjaji wampe vichwa vya nguruwe. Anapasua, anatoa ubongo, anaurudisha maabara ukiwa wa baridi.

Namna yao ya kupima ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu haikuhitaji mashine ya ajabu. Walichukua kipande cha utumbo wa simbilisi, wakakining'iniza kwenye maji ya chumvi na kukipa umeme kidogo. Kinatikisika, tik, tik, tik. Ukiweka mofini, mtikisiko unapungua. Ukiweka naloksoni, unarudi. Basi wakaweka ule mchuzi wa ubongo wa nguruwe. Mtikisiko ukapungua. Wakaweka naloksoni, ukarudi. Ndani ya ubongo kulikuwa na kitu kinachofanya kazi kama mofini, na hakuna aliyempa nguruwe mofini.

Desemba 1975 wakatangaza umbo lake. Hapa inabidi nieleze kidogo. Protini ni kama uzi wa shanga. Kila shanga ni asidi amino, na mpangilio wa shanga ndio unaoamua kazi ya uzi. Uzi mrefu tunauita protini, kipande kifupi tunakiita peptidi. Walichopata Aberdeen ni peptidi mbili za shanga tano tu kila moja, zinazotofautiana kwenye ushanga wa mwisho. Wakaziita enkefalini, kwa Kigiriki kitu cha ndani ya kichwa. Na jina la jumla la dawa hizi za mwilini, endofini, maana yake ni mofini ya ndani.

Mwaka mmoja baadaye ikaja habari ya ngamia. Choh Hao Li, mwanasayansi mzaliwa wa China aliyefanya kazi California, alikuwa mtaalamu wa tezi pituitari, ile tezi ndogo chini ya ubongo inayotoa pia homoni ya maziwa ya mama. Zaidi ya miaka kumi nyuma alikuwa amepata kwenye tezi hiyo protini aliyoihusisha na mafuta mwilini. Baadaye, akiwa bado anafuatilia mambo ya mafuta, akapata tezi za ngamia kutoka Iraq. Protini aliyoitafuta hakuiona. Akaona kipande chake cha mkiani tu, shanga 31. Enkefalini ilipotangazwa, kile kipande kikapata maana: shanga zake tano za mwanzo ni zilezile za enkefalini moja. Kikapimwa, kikatuliza maumivu. Hiyo ndiyo beta-endofini ya mwaka 1976.

Shika jambo moja hapa, kwa sababu bila hilo sehemu inayofuata itakupotea. Dawa ilikuwa imefichwa ndani ya protini kubwa ambayo kazi yake ilidhaniwa ni nyingine kabisa. Uzi ulipokatwa mahali panapostahili, ndipo ikatoka. Swali likawa: ni nyuzi gani nyingine zimebeba kitu ndani?


SEHEMU YA 4: Kwenye maziwa, kisha kwenye damu

Wa kwanza kulijibu swali hilo kwa namna ya kushangaza walikuwa Wajerumani. Mwaka 1979 Victor Brantl na wenzake walieleza peptidi waliyoipata kutoka kwenye kaseini, protini ya maziwa ya ng'ombe. Kipande cha shanga saba, kinachofanya kazi kama mofini dhaifu. Wakakiita beta-kasomofini. Ndiyo, mama, kwenye maziwa. Baadaye ikaonekana kwamba hata kaseini ya maziwa ya binadamu ina vipande vya namna hiyo.

Mpaka hapo mtu angeweza kusema, sawa, maziwa ni chakula cha mtoto, labda ni zawadi ya mama kwa mwanawe. Lakini mwaka 1986 Brantl na kundi la watafiti, akiwemo Albert Herz wa Munich, wakageukia damu. Walichukua damu ya ng'ombe, wakaimeng'enya kwa vimeng'enya vya tumboni, kisha wakapima vipande vilivyotoka kwenye utumbo wa simbilisi, mtindo uleule wa Aberdeen. Mtikisiko ukapungua. Naloksoni ikaurudisha.

Vipande vile vilitoka wapi? Kwenye himoglobini. Neno hilo unalijua. Ni ile wanayokupima kliniki kwa kukutoboa kidole, wakakuambia damu yako iko gramu ngapi. Ikiwa chini ya 11 wakati wa ujauzito wanakuambia una upungufu wa damu, wanakupa vidonge vya madini ya chuma. Himoglobini ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni. Imeundwa na nyuzi nne, mbili za aina ya alfa na mbili za aina ya beta. Uzi mmoja wa beta una shanga 146. Ukihesabu mpaka ushanga wa 35, ukakata kuanzia hapo hadi wa 38, unapata shanga nne: tairosini, prolini, triptofani, treonini. Hizo nne tu zinatosha kugusa kitasa cha mofini. Wakaiita hemofini, yaani mofini ya damu. (Usichanganye na hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda.)

Ukiziweka enkefalini, kasomofini na hemofini meza moja, utaona zote zinaanza na ushanga uleule, tairosini. Huo ndio jino la ufunguo. Hata mofini ya kwenye ua ina sehemu ya umbo lake inayofanana na tairosini. Ndiyo maana ua la shambani liliweza kufungua mlango wa watu.

Swali la haki hapa ni hili: hayo ni mambo ya chupa na vimeng'enya vya maabara, mwilini je? Jibu lilitoka Uppsala, kwa kundi la Fred Nyberg. Mwaka 1992 walieleza hemofini moja ndefu kidogo, ya shanga kumi, kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliovuja damu kichwani. Mwaka 1993 wakapima damu ya watu waliokimbia mbio ndefu, wakakuta hemofini imepanda pamoja na beta-endofini. Kwa hiyo mwili hai, ukipata shida, unavitoa vipande hivi.

Na malighafi haikosekani. Chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120 kisha inavunjwa. Katika mtu mzima huvunjwa takriban milioni 2 kila sekunde, na nyingine mpya zinazaliwa. Vimeng'enya vya seli zinazosafisha damu kuukuu vina uwezo wa kuukata ule uzi na kuachia hemofini. Yaani unaposoma sentensi hii, ndani yako shanga zinakatwa.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kuwagusa kina mama. Ile hemofini ya shanga kumi, watafiti wa Melbourne, Australia, waliikuta inashika na kuzuia kimeng'enya fulani. Kimeng'enya hicho ni kilekile ambacho kondo la nyuma hutoa kuvunja oksitosini, homoni ya uchungu na ya kushusha maziwa, ile tunayoweka pia kwenye dripu. Hayo ni ya maabara, hayajawa tiba ya mtu. Nayataja ili uone kwamba kipande kidogo cha damu hakigusi mlango mmoja tu.


SEHEMU YA 5: Sasa mbona bado inauma?

Swali hili mmeniuliza wengi tangu jana. Kama dawa imejaa kwenye damu, mbona mtu akijikwaa kidole anaruka?

Kwanza, himoglobini nzima si dawa. Ni lazima ikatwe, tena pale pale. Pili, hemofini ni dhaifu ukiilinganisha na mofini. Mwaka 1989 watafiti wa Tucson, Marekani, waliwapa panya hemofini wakaona maumivu yanapungua, na naloksoni inaifuta kazi hiyo. Lakini waliichoma moja kwa moja kwenye ubongo. Tatu, vimeng'enya vilevile vinavyoitengeneza, vingine vinaendelea kuikata. Ikikatwa ushanga mmoja wa mwanzo, ufunguo umevunjika jino.

Ndiyo maana unga wa kichupa haukusaidii. Ukinywa peptidi, tumbo lako linaifanya kama nyama au maharage, linaikata mpaka shanga mojamoja. Na ubongo una uzio wake, haupitishi kila kitu kilichomo kwenye damu. Hakuna hospitali yenye dawa iliyosajiliwa ya kutuliza maumivu iliyotengenezwa kwa hemofini. Wanaouza sindano za namna hiyo mitandaoni ni hatari zaidi, maana hujui kilichomo na hujui kama ni safi. Ukiwa na mimba, usijaribu.

Kwa Wachaga mzazi hupikiwa mlaso, wenye damu ya mnyama na maziwa. Damu iliyopikwa vizuri, kutoka kwa mnyama aliyepimwa, ni chakula chenye protini na madini ya chuma, na mama aliyetoka kupoteza damu anavihitaji. Ale kwa sababu hiyo. Akiwa na mshono unauma, apewe dawa ya mshono.

"Lakini sista, mbona kuna watu wanatoa ushuhuda kwamba unga umewasaidia?" Nawaamini. Mwaka 1978 huko San Francisco, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields walifanya jaribio kwa watu waliong'olewa magego. Waliwapa baadhi yao dawa ya uongo, isiyo na kitu ndani. Wengine walipata nafuu kweli. Walipopewa naloksoni, maumivu yao yakapanda. Maana yake, kuamini tu kwamba umetibiwa kunaweza kuufanya ubongo ufungue endofini zake. Kwa hiyo yule shahidi pengine hadanganyi. Nafuu aliyopata ilikuwa yake mwenyewe, muuzaji kamtoza tu hela ya mlango.

Halafu kuna kundi moja la kina mama ambalo halihitaji maelezo ya maabara. Ni kina mama wa watoto wenye selimundu. Selimundu inatokana na kosa la ushanga mmoja, wa sita, kwenye uzi uleule wa beta unaobeba hemofini. Chembe zinapinda, zinaziba mishipa midogo, na pia zinavunjika mapema sana kuliko zile siku 120. Kama damu kuvunjika kungetosha kumaliza maumivu, mtoto wa selimundu angekuwa wa mwisho kulia. Lakini wewe uliyekesha naye anapiga mayowe kwa mifupa unajua. Hiyo peke yake ni ushahidi kwamba dawa ya mwili ina kikomo, na likifika kikomo chake ni wajibu wetu kuongeza ya kwetu.


SEHEMU YA 6: "Jikaze"

Nimefika kwenye sehemu ninayoiogopa.

Rudi kwenye zile tarehe. Katikati ya miaka ya 1980 dunia ilishajua enkefalini, endofini, kasomofini, na ndiyo ilikuwa inazijua hemofini. Ilikuwa inajua mpaka shanga nne za uzi wa damu. Miaka hiyohiyo, kwenye nchi tajiri zenye hospitali kubwa, watoto wachanga walikuwa wanapasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu. Iliaminika kwamba neva zao hazijakomaa, kwamba hawahisi au hawatakumbuka, na kwamba dawa ingewadhuru zaidi.

Mwaka 1985 mama mmoja Mmarekani, Jill Lawson, alijifungua mtoto njiti aitwaye Jeffrey. Mtoto alifanyiwa upasuaji karibu na moyo, kisha akafariki wiki chache baadaye. Mama alipofuatilia ndipo akajua kwamba mwanawe alipewa dawa ya kulegeza misuli tu, asiweze kutikisika. Ya kuzuia maumivu hakupewa. Hakunyamaza. Aliandika barua, akaongea na magazeti mpaka habari ikatoka mwaka 1986.

Upande wa pili wa bahari, Oxford, daktari kijana K.J.S. Anand alikuwa anajiuliza kwa nini watoto wanarudi kutoka chumba cha upasuaji wakiwa na hali mbaya. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kwa watoto njiti: waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji, miili yao haikuvurugika kama ya wale wasiopewa, na matatizo baada ya upasuaji yalikuwa machache. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatamka kwamba mtoto mchanga naye anastahili ganzi na dawa ya maumivu.

Waliokosea hawakukosa ujuzi wa kemia. Walikosa kumsikiliza anayelia. Waswahili wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi yule ndiye aliyelazimisha dunia isikie.

Sasa langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, usiku mmoja wodi ya wazazi imejaa, tuko wawili tu. Kuna binti, mimba ya kwanza, anapiga kelele. Nikamwambia: "Jikaze. Kelele hazizai. Mwili una dawa yake, wenzako wamevumilia." Nilijiona nimesema jambo la kitaalamu, kwa sababu endofini nilizisoma chuoni. Akanyamaza. Mimi nikaona nimemsaidia. Alipojifungua salama, wakati namfunika mtoto, akaniambia taratibu: "Sista, nilinyamaza kwa sababu nilikuogopa."

Sijalisahau sauti yake. Nilichomwambia kilikuwa kweli nusu. Kweli, beta-endofini hupanda mwanamke akiwa kwenye uchungu. Kweli, mwili unajitahidi. Lakini nilichukua juhudi ya mwili wake nikaigeuza kuwa sababu ya kutofanya yangu. Ile ndiyo kasumba yenyewe, na mwenye kuilewa nilikuwa mimi.

Kwa hiyo, mama yangu, yachukue haya uende nayo.

Leba: omba kuwa na mtu wako wa karibu kama kituo kinaruhusu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018, linapendekeza mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Tembea, badilisha mkao, asuguliwe mgongo, akandwe kwa maji ya vuguvugu anayependa. Na uliza mapema, ukiwa bado kliniki: hapa kuna dawa gani ya maumivu? Mwongozo huohuo unataja sindano kama pethidini na ganzi ya mgongoni kwa mama mzima wa afya anayeiomba. Si kila kituo kinazo, lakini kuuliza si deko.

Baada ya upasuaji au mshono: dawa ya maumivu inywe kwa saa ulizopangiwa, usisubiri mpaka ushindwe kumnyonyesha mtoto. Na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yenye homa, uchafu wenye harufu au damu nyingi, hayo hayavumiliwi. Rudi hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya chanjo: mshike mtoto mapajani, usimlaze kitandani peke yake. Kama ananyonya, mnyonyeshe kabla kidogo au wakati wa sindano. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2015. Joto la ngozi yako, kunyonya na utamu wa maziwa vinampunguzia. Muuguzi akikushangaa, mwambie kwa upole kwamba umesoma.

Mtoto wa selimundu: mpe maji mengi na dawa ya maumivu uliyoelekezwa na daktari, mweke kwenye joto. Isipotulia, au akiwa na homa, kifua kinabana au anapauka, kimbia hospitali. Huko akihitaji mofini, usiogope jina lake kwa sababu ya kasumba ya zamani. Kwa kipimo na uangalizi ni dawa, na mtoto anayeiomba kwa sababu anaumwa si teja.

Na kwa wauguzi wenzangu mnaonisoma: zamu ni ndefu, tuko wachache, najua. Lakini "pole, najua inauma, ngoja nione nikupe nini" inachukua sekunde zilezile za "jikaze".

Yule mama wa video hakununua unga. Ameniambia ile hela amenunua vitenge viwili na beseni la mtoto, na dada yake ataingia naye leba. Akijifungua nitawaambia, akiniruhusu.

Mwenye swali aniandikie hapo chini, au faragha kama ni la faragha. Nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Mlale salama.